Sumu ya nyoka na saratani: uliza dozi kwanza

Kila baada ya miezi michache habari ile ile hurudi kwenye simu za watu ikiwa imevishwa picha mpya: sumu ya swila imeua seli za saratani maabara. Mara nyingi habari yenyewe si ya uongo. Sumu ya swila huua kweli seli za saratani. Huua pia seli za figo, seli za misuli, chembe nyekundu za damu na karibu chochote chenye utando wa seli. Spiriti nayo huua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara, na maji ya moto vilevile. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ni nyoka gani, uliza dozi. Ni kiasi gani cha protini kiliziua seli hizo, na je, kiasi hicho kinaweza kuingia kwenye damu ya mtu na mtu akabaki mzima?

Jambo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1933 Albert Calmette, yule ambaye jina lake ndilo herufi C katika chanjo ya BCG, alichapisha na wenzake Ufaransa matokeo ya kutumia sumu ya swila kwa panya wenye uvimbe wa saratani. Hadi leo hakuna protini ya sumu ya nyoka iliyoidhinishwa kuwa dawa ya saratani. Zipo zinazofanya kazi ya ajabu. Kinachokwamisha ni umbali kati ya kisahani na mgonjwa, na umbali huo una sababu zinazoweza kutajwa moja moja.

Ndani ya unga wa manjano

Sumu ya nyoka ikikaushwa, asilimia 90 au zaidi ya uzito wake ni protini na peptidi. Kifutu mmoja mkubwa, Bitis arietans, akikamuliwa mara moja hutoa miligramu 100 hadi 350 za unga mkavu, na ndani ya unga huo mna protini za aina nyingi, kila moja na kazi yake. Kusema "sumu ya nyoka hutibu" ni sawa na kusema "duka la dawa hutibu". Dawa gani, ya nini, vidonge vingapi?

Wanaotafuta dawa ya saratani huangukia zaidi makundi manne. La kwanza ni saitotoksini za swila, protini ndogo zenye asidi amino 60 hadi 62, zilizokazwa na vifungo vinne vya salfa hadi zikapata umbo la vidole vitatu. Zina chaji chanya. Utando wa seli ya saratani mara nyingi huonyesha upande wa nje mafuta yenye chaji hasi, hasa fosfatidilserini, ambayo seli njema huyaficha ndani. Hapo ndipo hoja ilipozaliwa kwamba saitotoksini zitaichagua seli ya saratani na kuiacha seli njema. Hoja ni nzuri, ila tofauti hiyo ya chaji ni ya kiasi tu. Ukiongeza dozi kidogo, seli njema nazo zinatoboka.

La pili ni kimeng'enya kinachoitwa oksidesi ya asidi amino, ambacho ndicho huipa sumu nyingi rangi ya manjano, kwa kuwa kimebeba ndani yake kipande kinachotokana na vitamini B2. Kimeng'enya hiki hula asidi amino zilizomo kwenye chakula cha seli na kutoa haidrojeni peroksaidi. Inayoua seli ni hiyo peroksaidi. Kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha: weka katalesi, yaani kimeng'enya kinachovunja peroksaidi, yuniti 100 hadi 200 kwa mililita, pamoja na oksidesi hiyo. Vifo vikiisha, basi ulikuwa unaziogesha seli kwa dawa ya kusafishia vidonda. Ripoti isiyo na kipimo hiki mimi naiweka pembeni.

La tatu ni fosfolipesi A2, ambazo hukata mafuta ya utando. La nne ni disintegrini, na matumaini yangu mengi yako hapo, kwa hiyo nitakaa nazo zaidi.

Disintegrini: kuishika mikono ya seli

Saratani nyingi huua kwa kusafiri. Seli inang'oka kwenye titi, inaingia kwenye mshipa, inashuka kwenye pafu au mfupa na kuanza upya. Uvimbe nao, ili ukue kupita ukubwa wa kichwa cha pini, huhitaji kuchipusha mishipa yake ya damu. Kazi zote mbili hutegemea integrini, yaani protini zilizo kwenye utando zinazofanya kazi kama mikono: hushika, huachia, husogeza. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba kinachoshikwa na mikono hiyo ni kipande kifupi sana cha asidi amino tatu: arginini, glisini, aspatiki. Kwa herufi za wanakemia ni RGD.

Nyoka wa jamii ya kifutu waliligundua jambo hilo zamani. Katika sumu yao mna protini ndogo zenye kitanzi kilichochomoza, na kwenye ncha ya kitanzi hicho ndipo palipo na RGD. Kwa mawindo, kazi yake ni kuzizuia chembe sahani za damu zisishikamane, damu isigande. Ya kwanza kuelezwa vizuri ni trigramini, mwaka 1987, kutoka kwa nyoka wa Asia. Ekistatini, kutoka kwa Echis carinatus, ina asidi amino 49 tu. Bitistatini ina 83, nayo inatoka kwa kifutu, nyoka tunayemkanyaga usiku kwenye njia za shamba tangu Kitui hadi Songea.

Iliyofanyiwa kazi nyingi kuhusu saratani ni kontotrostatini, kutoka kwa Agkistrodon contortrix contortrix wa kusini mwa Marekani. Maabara ya Francis Markland katika University of Southern California ilishughulika nayo kwa miaka mingi. Ni protini ya minyororo miwili inayofanana, uzito wake ni kama kilodaltoni 13.5, na kila mnyororo una RGD yake. Inashika integrini za chembe sahani, na pia zile za αvβ3, αvβ5 na α5β1 ambazo seli za saratani na mishipa michanga huzitegemea.

Mwaka 2000 walichapisha jaribio la panya. Seli za binadamu za aina ya MDA-MB-435 zilipandikizwa kwenye matiti ya panya, kisha kila panya akachomwa mikrogramu 5 za kontotrostatini kwa siku. Ukuaji wa uvimbe ulipungua kwa asilimia 74, na uvimbe mkubwa uliosambaa hadi mapafuni ukapungua kwa asilimia 68. Protini yenyewe haikuwa ikiziua seli, ilizizuia kushika na kutembea. Hilo ndilo linalonivutia, kwa sababu kitu kisichoua seli kina nafasi kubwa zaidi ya kuingizwa mwilini bila kuacha maafa.

Sasa soma jaribio hilo kwa karibu. Sindano ilichomwa ndani ya uvimbe wenyewe. Huwezi kufanya hivyo kwa mgonjwa ambaye saratani yake iko kwenye ini, mifupa na ubongo kwa pamoja. Panya waliotumika ni wale wasio na tezi ya thaimasi, hawana kinga ya kupigana na seli za mtu, na kwa hiyo hawawezi kutuambia mwili wenye kinga kamili utaipokeaje protini ya nyoka kwa wiki kadhaa. Na seli zenyewe, MDA-MB-435, ambazo wakati huo dunia nzima ilizihesabu kuwa za saratani ya matiti, uchunguzi wa vinasaba wa miaka iliyofuata ulionyesha kwamba ni za melanoma, saratani ya ngozi. Kosa si la watafiti hao, lilikuwa limeenea kila mahali. Lakini ukikutana leo na ripoti mpya inayozitaja seli hizo kama za titi, ujue mwandishi hajafuatilia.

Chukua pia dozi. Mikrogramu 5 kwa panya wa gramu 20 ni miligramu 0.25 kwa kilo. Watu wengi hapo huzidisha moja kwa moja kwa kilo 60 na kupata miligramu 15. Kanuni inayotumiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani ni kugawa dozi ya panya kwa 12.3 kwanza, kwa sababu mwili mdogo huchoma na kutoa dawa haraka. Unapata miligramu 0.02 kwa kilo, yaani kama miligramu 1.2 kwa mtu mzima. Ni kiasi kinachowezekana kabisa. Ukilinganisha na protini nyingine za sumu, hiyo ni habari njema.

Tatizo la sindano ya ndani ya uvimbe walilishughulikia kwa kuifunga protini ndani ya liposomu, vifuko vidogo mno vya mafuta. Ikichomwa mshipani ikiwa ndani ya kifuko, protini ilidumu kwenye damu muda mrefu zaidi, na haikuzigusa chembe sahani njiani. Tatizo la pili lilikuwa upatikanaji: kontotrostatini ni sehemu ndogo sana ya sumu nzima, na huwezi kujenga dawa juu ya kukamua nyoka. Wakatengeneza vikrostatini, ambayo ni kontotrostatini iliyounganishwa mkia wa ekistatini, inayozalishwa na bakteria E. koli wa aina ya Origami. Aina hiyo ina maana yake. Ndani ya E. koli wa kawaida hali ya kemia huvunja vifungo vya salfa, na disintegrini bila vifungo vyake ni uzi usio na umbo. Origami amezimwa jeni mbili, trxB na gor, ili vifungo viweze kufungika.

Mtu atauliza, kama shabaha ni integrini, kwa nini tusitengeneze kidonge kidogo cha RGD tukaachana na nyoka? Ilifanyika. Silengitidi ni duara la asidi amino tano lenye RGD ndani yake, lilitengenezwa maabara na kupelekwa hadi hatua ya tatu ya majaribio kwa wagonjwa wa saratani ya ubongo ya glioblastoma. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Wagonjwa 545, nusu wakiwa na silengitidi juu ya matibabu ya kawaida, nusu bila. Wastani wa kati wa kuishi ulikuwa miezi 26.3 kwa pande zote mbili. Hakuna tofauti hata ya mwezi. Wapo wanaodai disintegrini kamili itafanya vizuri zaidi kwa sababu inashika kwa nguvu zaidi na inashika integrini za aina nyingi kwa mpigo. Inawezekana. Lakini anayeandika juu ya disintegrini bila kutaja silengitidi anamnyima msomaji taarifa muhimu kuliko zote.

Krotoksini, iliyofika kwa wagonjwa

Krotoksini hutoka kwa nyoka wa Amerika Kusini mwenye njuga mkiani, Crotalus durissus terrificus. Mwaka 1938 huko Brazil, Slotta na Fraenkel-Conrat waliigeuza kuwa fuwele, sumu ya kwanza ya nyoka kufikishwa hapo. Ni vipande viwili: kimoja ni fosfolipesi A2 yenye chaji chanya, kingine hakina makali peke yake ila hukiongoza cha kwanza. Kwenye neva huzuia ishara isifike kwenye misuli.

Argentina waliijaribu kwa wagonjwa wenye saratani iliyokwisha kusambaa, na ripoti ilitoka mwaka 2002. Sindano ya msuli, kila siku, siku 30 mfululizo. Dozi ilianzia miligramu 0.03 kwa kila mita ya mraba ya eneo la nje la mwili ikapandishwa hadi 0.22, na iliyopendekezwa kwa hatua inayofuata ilikuwa 0.14. Yaliyokataa ni macho: mgonjwa anaona vitu viwili viwili, kope zinalegea, kwa sababu misuli ya macho ndiyo hushikwa mapema. Dalili hizo zilirudi nyuma. Wapo wachache ambao uvimbe ulipungua, jambo lililotia moyo, lakini idadi ya wagonjwa ilikuwa ndogo mno na halikuwepo kundi la kulinganisha. Hatua ya kwanza ya majaribio kwa watu, kama hii, hutafuta dozi, haitafuti tiba.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi. Mtu mzima ana kama mita za mraba 1.7. Mara 0.14 unapata miligramu 0.24. Tuseme yote imeingia kwenye damu kwa mara moja, jambo ambalo sindano ya msuli haifanyi, na imetawanyika kwenye lita 3 za plazma. Mikrogramu 240 kugawa kwa mililita 3,000 ni mikrogramu 0.08 kwa mililita. Sasa fungua ripoti yoyote ya kisahani uone dozi iliyoua nusu ya seli. Mara nyingi utakuta mikrogramu 5, 10, hata 50 kwa mililita. Kwa 10, umezidi kinachovumiliwa na mwili mara 125. Hesabu yangu ni ya mkato, haijali dawa inavyojikusanya kwa siku 30, lakini pengo la mara 100 haliondolewi na marekebisho madogo.

Kwa wenye maabara: mahali kazi inapoharibika

Sumu ikamuliwe kwenye chombo kilichofunikwa utando safi na kuwekwa kwenye barafu, kisha izungushwe kwa nguvu ya 10,000 g kwa dakika 10 kwenye nyuzi 4 ili mate na seli zilizong'oka zitulie chini. Igandishwe na kukaushwa siku hiyo hiyo. Sumu ya kifutu iliyoachwa majimaji hujila yenyewe, maana imejaa vimeng'enya vinavyokata protini na vinavyohitaji zinki. EDTA kidogo, kemikali inayonasa madini, huvituliza. Kwenye kila kichupa andika spishi, mahali nyoka alikotoka, umri kwa kukadiria, jinsia na tarehe. Sumu ya mtoto na ya mkubwa hazifanani, na ya Mwanza na ya Tanga huenda zisifanane. Ukichanganya bila kuandika, matokeo yako hakuna atakayeyarudia, hata wewe mwenyewe. Kwenye kupima unga, vaa barakoa na ukae ndani ya kabati la hewa, kwa kuwa vumbi la sumu huwajengea watu mzio, na mzio huo unaweza kuja kumuua mtu siku akiumwa na nyoka.

Kutenganisha kuna njia panda. Ukitaka saitotoksini au disintegrini, HPLC ya safu ya C18, mashine ya kutenganisha kwa shinikizo, inafaa: asidi ya TFA asilimia 0.1, asetonitrili ikipanda taratibu hadi asilimia 60 au 70 kwa saa moja au moja na nusu, mililita 1 kwa dakika, ukisoma kwenye nanomita 215. Protini hizi ndogo zimekazwa na salfa, zinastahimili. Lakini vimeng'enya vikubwa kama oksidesi ya asidi amino hufa humo. Hivyo vipitishe kwenye safu ya jeli kwa bafa ya upole, na sampuli isizidi asilimia 2 hadi 5 ya ujazo wa safu, la sivyo vilele vitameguka na kuingiliana. Na oksidesi hii usiigandishe kizembe. Ya Crotalus adamanteus inajulikana tangu miaka ya 1960 kwamba hupoteza nguvu ikigandishwa. Wengi wamedhani protini yao ni dhaifu kumbe ni jokofu.

TFA yenyewe ni mtego. Hubaki imeshikamana na protini zenye chaji chanya hata baada ya kukausha, na inaweza kuzidhuru seli. Kausha, yeyusha kwa maji safi, kausha tena, mara mbili au tatu. Kisha weka kisahani cha ulinganisho chenye bafa iliyopitia njia yote ile bila protini. Saitotoksini hunata pia kwenye plastiki na kioo. Ukizipunguza hadi nanogramu kwenye kichupa cha kawaida, nusu yake inaweza kubaki ukutani. Tumia vichupa vya kunata kidogo au ongeza albumini ya ng'ombe asilimia 0.1. Usiamini kipimo cha nanomita 280 peke yake, kwa kuwa nyingi ya protini hizi hazina triptofani au zina moja tu, na kifaa kitakudanganya kuhusu kiasi.

Uchafu mdogo wa fosfolipesi A2 ndani ya saitotoksini umewasumbua watu miaka na miaka. Asilimia ndogo tu inatosha, kwa maana moja hufungua utando na nyingine huukata, na kwa pamoja zinaua kuliko jumla yake. Jel ya umeme haitauonyesha. Pima uzito kwa spektrometa ya masi, na rudia jaribio ukiwa umeizima fosfolipesi kwa bromofenasili bromaidi, ambayo huiharibu histidini ya katikati ya kimeng'enya. Nguvu ikishuka sana, uliyekuwa unampima hakuwa yule uliyemwandika kwenye kichwa cha ripoti.

Kipimo cha MTT, kemikali ambayo seli hai huibadilisha rangi, kila mtu anakijua: seli 5,000 hadi 10,000 kwa kishimo kwenye sahani ya vishimo 96, siku moja zishike, dozi saa 24 hadi 72, MTT ya miligramu 5 kwa mililita iongezwe mikrolita 10 hadi 20, saa tatu au nne, yeyusha kwa DMSO, soma kwenye nanomita 570. Kwa disintegrini kipimo hiki hudanganya vibaya. Seli zinaachia sakafu ya kishimo zikiwa hai. Unapomwaga maji ya juu umezimwaga pamoja nayo, rangi inapungua, unaandika "zimekufa". Angalia kwa darubini kabla ya kumwaga: ukiona seli za mviringo, zinang'aa, zinaelea kwa makundi, zikusanye, zioshe, uzipande upya kwenye sahani safi bila dawa. Zikishika tena kesho yake, hazikuwa zimekufa.

Kipimo kinachozifaa disintegrini ni cha kushika. Pakaa kishimo fibronektini au vitronektini, protini ambazo integrini huzishika, mikrogramu 5 hadi 10 kwa mililita, usiku kucha kwenye nyuzi 4. Ziba nafasi zilizobaki kwa albumini asilimia 1 kwa saa moja. Seli zikae na protini yako dakika 15 hadi 30, kisha zimwagwe zishike kwa saa moja, uoshe polepole na kupaka rangi ya zambarau iitwayo kristali vayoleti. Usizing'oe seli kwa tripsini, kimeng'enya kinachokata protini, kwa sababu hukata hizo hizo integrini unazotaka kupima. Ng'oa kwa EDTA. Halafu uioshe EDTA yote na urudishe magnesiamu na kalsiamu, maana integrini bila madini hayo haishiki chochote, na utafurahia ushindi ulioletwa na EDTA iliyobaki. Weka peptidi ya GRGDSP kama shahidi mzuri na GRGESP kama shahidi mbaya. Herufi moja tu imebadilika, na ya pili haipaswi kuzuia.

Kama protini yako imetoka kwa bakteria, pima endotoksini, yaani sumu ya ganda la bakteria wenyewe, kabla ya kuigusisha na seli yoyote ya damu au panya. Pima pia chembe nyekundu, kwa kuwa ni kipimo cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachorukwa zaidi. Osha damu mara tatu kwa maji ya chumvi, tengeneza mchanganyiko wa asilimia 1 hadi 2, weka dozi zile zile ulizotumia kwa saratani, saa moja kwenye nyuzi 37, zungusha, soma wekundu wa maji ya juu kwenye nanomita 540. Sabuni ya Triton asilimia 1, inayozipasua zote, ndiyo mia kwa mia. Dozi inayoua saratani ikiwa ndiyo inayopasua chembe nyekundu, huna dawa ya kuchoma mshipani.

Na andika dozi kwa mikromola, yaani kwa idadi ya molekuli, si kwa mikrogramu tu. Mikrogramu 10 kwa mililita za saitotoksini ya kilodaltoni 7 ni mikromola 1.4. Kiasi hicho hicho cha kontotrostatini ni 0.74. Ukizilinganisha kwa uzito umelinganisha embe na fenesi.

Kwa hapa kwetu, ningeanza na bitistatini kuliko kumkimbilia swila. Mfuatano wake unajulikana, jeni inaweza kutengenezwa bila kumgusa nyoka, na tayari kuna watafiti Marekani waliowahi kuibandika teknesiamu 99m, elementi yenye mnururisho, kutafuta damu iliyoganda mwilini. Maana yake njia ya kuitumia kama taa ya kuonyesha mahali, badala ya kuitumia kama panga, imeshafunguliwa. Ukihitaji sumu halisi, vibali vya mamlaka za utafiti na za wanyamapori, kama COSTECH na TAWIRI kwa Tanzania, au NACOSTI na mamlaka za wanyamapori kwa Kenya, viombwe mapema kabla ya kununua hata kichupa.

Historia inaonyesha njia hiyo ya kuichukua protini kama kielelezo ndiyo iliyozaa dawa. Kaptopril ya shinikizo la damu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, ilitokana na peptidi za Bothrops jararaca wa Brazil. Tirofibani ilichorwa kwa kufuata ekistatini, eptifibatidi kwa kufuata barburini, disintegrini nyingine, zote mbili zikaidhinishwa mwaka 1998 kwa ajili ya moyo. Hakuna hata moja kati ya hizo yenye sumu ya nyoka ndani yake.

Kwa mwenye mgonjwa nyumbani

Ukiletewa kichupa cha matone ya sumu ya nyoka kwa ajili ya mama au ndugu yako, elewa hivi. Ikiwa kweli mna sumu na anainywa, tumbo na utumbo huikata kama zinavyokata protini ya maharage, na kinachoingia kwenye damu si ile protini tena. Akiwa na vidonda mdomoni au tumboni, kama walivyo wengi walio kwenye kemotherapi, sehemu inaweza kupenya bila kuvunjwa, na hapo kuna hatari ya damu kutoganda, hasa kwa mtu ambaye chembe sahani zake zimeshashuka kwa dawa. Ikiwa hamna sumu, umelipia maji. Sindano ya mitaani ni mbaya zaidi ya vyote.

Mweleze daktari wake, awe Ocean Road, Kenyatta au Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, hata kama unahisi atakasirika. Na kama mgonjwa ameshatumia, kisha kope zikaanza kulegea, anaona vitu viwili viwili, sauti inabadilika, au fizi zinatoa damu, msisubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, na kichupa mkichukue.